Mishale Kwenye Raba

Fundi: Haloo? Ni nani?

Chiriku: Shikamoo, Baba Mdogo.

Fundi: Marahaba. Nani mwenzangu?

Chiriku: Ni mimi. Chiriku.

Fundi: Chiriku gani huyu mwenye sauti ya mgonjwa? Wangu mimi hata salamu huitoa kwa kelele.

Chiriku: Ni huyohuyo. Mtoto wa marehemu kaka yako. Kwani unao wangapi?

Fundi: Mmoja, na ananitosha. Enhe, niambie, umewaacha nyuma wangapi? Hapa nina Mwalimu, amefuata gari lake, na tangu asubuhi namchosha masikio. Namwambia leo mwanangu yuko kwenye mbio za kupanda mlima na kigari cha matairi matatu, mawili mbele, moja nyuma, na raba ya shafti nimeifunga kwa mkono wangu huu—

Chiriku: Baba Mdogo—

Fundi: Mwalimu, kaa tu hapo kwenye benchi, ndiye yule binti niliyekwambia. Enhe, endelea. Nafasi ya ngapi?

Chiriku: Sikumaliza.

Fundi: Hukumaliza nini?

Chiriku: Mbio. Sikufika hata kona ya kwanza. (mkwaruzo) ...na naomba unisamehe kabla sijakueleza. Unanisikia?

Fundi: Nakusikia nusunusu. Umeumia?

Chiriku: Hapana. Kidogo, pajani. Si kitu.

Fundi: Pajani kumefanya nini?

Chiriku: Nitafika huko. Bendera iliposhuka nikaachia klachi. Gari likaruka kama mbuzi, kikalia kitu chini, puu, likasimama palepale. Injini inanguruma, tairi la nyuma limelala, halizunguki. Watu wakacheka. Na yule mtangazaji, mwenye kipaza sauti, akaanza kusoma maandishi ya ubavuni. Akalisoma jina la gereji yako. Akalisoma mara mbili, Baba Mdogo.

Fundi: Mara mbili?

Chiriku: Mara ya pili kwa kulivuta. Nilifunika uso na mikono. Sikujua nitokee upande gani. Wakaja watu wanne wakalisukuma pembeni nami ndani, kama mgonjwa.

Fundi: Kwa hiyo raba imekatika.

Chiriku: Imekatika.

Fundi: Uliiachiaje klachi?

Chiriku: Kwa nguvu.

Fundi: Kwa nguvu kiasi gani? Kama mtu aliyekanyaga kaa la moto?

Chiriku: Hivyohivyo. Nilitaka waone.

Fundi: Wameona. Mimi nilikwambia nini kuhusu klachi? Miaka yote ile ukiwa na ovaroli inayoburuza chini, nilikwambia nini? Raba ile ndiyo inayopokea nguvu kutoka giaboksi na kuikabidhi kwa shafti. Ukiipa polepole inabeba mzigo wa lori. Ukiipa kwa ghafla unaichana. Si nilisema?

Chiriku: Ulisema.

Fundi: Na ukaguzi? Kila mwezi, taa mkononi, unaingia chini, unaibinya, unatafuta nyufa karibu na matundu. Mtaka cha mvunguni?

Chiriku: Huinama.

Fundi: Na wewe?

Chiriku: Sikuinama. Nitakwambia ukweli, hata siku moja sikuinama. Nilisema kama amefunga Baba Mdogo, mimi nikague nini?

Fundi: Hilo si jibu.

Chiriku: Najua. Nimekuaibisha. Jina lako limechekwa na umati mzima kwa uvivu wangu, ndiyo maana nimepiga mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nisamehe.

Fundi: Mafuta je? Hukuimwagia mafuta ili isilie? Vijana wa siku hizi kila kinacholia wanakipaka mafuta. Mafuta huila raba kama mchwa.

Chiriku: Hata tone.

Fundi: Haya. Yaliyomwagika hayazoleki. Nimekusamehe. Mwalimu hapa anatikisa kichwa, namwambia ni ujana, si ubaya. Gari lina roho ya anayeliendesha, Mwalimu, fundi akishafunga amemaliza kazi yake.

Chiriku: Ahsante, Baba Mdogo.

Fundi: Sasa tulitazame tatizo kifundi. Iko wapi hiyo raba?

Chiriku: Niko chini ya gari hapa, simu nimeibana begani. Nimeinua kwa jeki. Vipande bado vimening'inia kwenye bolti zake, sijafungua kitu.

Fundi: Vizuri. Imekatikia wapi? Na usiniambie katikati, lile ni duara, halina katikati.

Chiriku: Kati ya tundu na tundu. Mahali patatu.

Fundi: Zile nyuzi za ndani ya raba, zimekatika nene au nyembamba?

Chiriku: Nyembamba zote tatu. Zile nene hazijaguswa, zimekaa kama zilivyotoka dukani.

Fundi: Haiwezekani.

Chiriku: Ndiyo ninavyoziona.

Fundi: Nyembamba hazivuti mzigo. Kazi yake ni kulizuia gari likishuka mlima, basi. Anayevuta ni mnene. Tazama vizuri.

Chiriku: Natazama vizuri.

Fundi: Basi tazama mishale iliyo ubavuni mwa raba. Kila mshale uangalie sikio la chuma linalokutana nao—

Chiriku: —na usiangalie tundu tupu. Nilikuwa naimba hivyo nikiosha spana. Ngoja nipanguse vumbi. (mkwaruzo) Huu hapa. Huu... Ajabu.

Fundi: Nini?

Chiriku: Umegeuka. Unaangalia kule kusiko na sikio.

Fundi: Umeigeuza mkononi.

Chiriku: Nimekwambia bado iko kwenye bolti.

Fundi: Angalia mwingine.

Chiriku: Nao hivyo. Na huu. Yote sita, Baba Mdogo. Raba nzima ilifungwa kinyume. Wanyonge ndio waliokuwa wanavuta.

(Kimya.)

Chiriku: Baba Mdogo?

Fundi: Mtandao.

Chiriku: Mimi nakusikia vizuri.

Fundi: Mimi sikusikii. Unakatakata.

Chiriku: Nilisema ilifungwa kinyume. Sasa nafikiri. Siku ile nilikuwa nakupa vitu mkononi. Wewe uko shimoni, mimi juu. Labda nilikupa raba imegeuka.

Fundi: Labda.

Chiriku: Nilikuwa na haraka siku ile, nilikuwa na simu sikioni, domo langu hili. Itakuwa nilikugeuzia, nawe ukapokea kwa kuniamini.

Fundi: Inawezekana.

Chiriku: Basi ni mimi mara mbili. Klachi ni mimi, na raba ni mimi. Afadhali hata hukuja leo. Afadhali ile ya gari la Kaka uliifunga mwenyewe mwanzo hadi mwisho, mimi sikuwepo.

Fundi: Ya Jogoo?

Chiriku: Si ulimfungia siku ileile, mchana? Mwenzangu anatamba nalo. Leo kamchukua Mama.

Fundi: Kampeleka mama yako wapi?

Chiriku: Wanapanda kwa Mama Mkubwa, kule juu. Mama amefungwa kitambaa kichwani na miwani ya Kaka ya jua, ungemwona ungecheka. Mguu wake mbovu kaunyoosha kule mbele vizuri tu.

Fundi: Wametoka saa ngapi?

Chiriku: Kama nusu saa. Kwa nini?

Fundi: Wamefika kwenye daraja?

Chiriku: Watakuwa wamekaribia. Kwa nini, Baba Mdogo?

Fundi: Baada ya daraja ndiyo mlima unaanza.

Chiriku: Ndiyo unaanza. Kwa nini?

Fundi: Hiyo raba yako ilipokatika, shafti ilifanya nini?

Chiriku: Ilipiga. Ndicho nilichotaka kukwambia cha pajani. Ilichapa bati la kati ya viti mpaka ikalitoboa, bati likanikwaruza. Na bomba la breki ya nyuma limepinda, linavuja. Lakini mimi nilikuwa hata mwendo sijashika, nilikuwa tambarare. Nikakanyaga ya mbele.

Fundi: Shafti inapita upande wa mguu wa mama yako.

Chiriku: Baba Mdogo, unanitisha.

Fundi: Mpigie Jogoo. Mwambie asimame.

Chiriku: Asimame kwa nini?

Fundi: Mwambie kuna mvua huko juu.

Chiriku: Jua linatuchoma hapa hadi lami inanata.

Fundi: Basi mwambie raba za mzigo ule ni mbovu. Za bandia. Yule muuzaji ametuuzia takataka.

Chiriku: Raba nilizichagua mimi. Na nimekwambia nyuzi nene hazina hata mkwaruzo. Raba haina kosa lolote, mtu wa watu tunamsingizia bure.

Fundi: Mpigie tu.

Chiriku: Unamjua Kaka. Tangu nianze mbio anasema nalionea wivu gari lake. Nikimwambia simama bila sababu ya maana, ataongeza mwendo. Nipe sababu. Nimwambie nini?

(Mkwaruzo. Kimya kirefu.)

Chiriku: Baba Mdogo, salio langu si la kukaa kimya.

Fundi: Mwambie na ya kwake imefungwa kinyume.

Chiriku: Unajuaje?

Fundi: Mkono ni uleule. Siku ni ileile.

Chiriku: Lakini ya kwake sikukupa mimi. Uliichukua mwenyewe, ukaifunga mwenyewe. Wewe hukosei mishale. Mimi nikikosea ulikuwa unanifungulisha bolti zote sita upya, na njaa yangu.

Fundi: Sikuiona.

Chiriku: Hukuona nini?

Fundi: Mishale. Siioni, Chiriku.

Chiriku: Huioni... tangu lini?

Fundi: Ngoja nisogee huku. Mwalimu anasikia. (hatua, mlango) Tangu mwaka jana. Vitu vikubwa naona. Mtu namwona, gari naliona. Kilicho kidogo kimeingia ukungu. Nikawa nafanya kwa vidole. Vidole havijawahi kuniangusha. Raba za zamani mishale yake ilikuwa imeinuka, unaipapasa unaijua hata usiku wa manane. Hizi mlizoleta ni laini. Nimepapasa nikakosa kitu. Kumbe mishale yake imechapwa rangi tu.

Chiriku: Na hukuniuliza. Nilikuwa nimesimama pale juu yako, macho yangu mazima.

Fundi: Ningekuuliza nini? Mimi ndiye wa kuulizwa. Nilisema nusu kwa nusu, nitapata. Nikaifunga. Ya pili nikasema kama ile imekaa, na hii iwe vilevile. Nikanawa mikono nikanywa chai.

Chiriku: Na sasa hivi nilivyosema ni mimi niliyekupa imegeuka—

Fundi: Nilijua si wewe.

Chiriku: Ukasema labda.

Fundi: Nikasema labda. Nimeona haya kukuambia, nikaona heri ubebe wewe. Mtoto wa kaka yangu. Nitalala na neno hilo mpaka siku nitakayozikwa. Sasa mpigie Jogoo, mama, nakuomba. Kila kitu kingine utanisema baadaye.

Chiriku: Kaa kwenye simu, usikate. Huyu wa bendera ana simu. Kaka yangu, naomba simu yako dakika moja. Ya dharura. Ahsante. (milio ya vibonyezo) Inaita.

Fundi: Inaita?

Chiriku: Inaita... Hapokei.

Fundi: Ameiweka mfukoni. Piga tena.

Chiriku: Napiga. (milio ya vibonyezo) Haloo? Mama? Mama, shikamoo, mko wapi? ...Mmeshavuka daraja. Mama, mpe Kaka simu. ...Najua anaendesha. Mwambie asimame, halafu umpe simu. ...Mama, nakuomba, usimwambie ni mimi, mwambie unasikia kizunguzungu.

Fundi: Asimame pembeni, aweke jiwe nyuma ya tairi. Asitegemee breki.

Chiriku: Kaka? Umesimama? Weka jiwe nyuma ya tairi kwanza. ...Weka, nitakueleza. ...Sikiliza, raba ya shafti yako imefungwa kinyume. Usiendelee kupanda. ...Hapana, sina wivu. ...Ingia chini utazame mwenyewe, mishale imeangalia kule kusiko na sikio. ...Tazama tu. ...Eeh? Nyuzi zimetoka nje? Ngapi? ...Zote tatu.

Fundi: Mungu wangu. Mama yako ameshuka?

Chiriku: Mama ameshuka? ...Ameshuka, Baba Mdogo, amekaa kwenye jiwe, anauliza kizunguzungu ni cha nani. ...Sijasema kitu, Kaka, naongea na mtu hapa. ...Nani aliyeifunga? Eeh... Ni mimi.

Fundi: Chiriku.

Chiriku: Ni mimi, Kaka. Siku ile Baba Mdogo alichoka, nikapitia nyuma nikaikaza mimi. Nilijiona nimeshakuwa fundi.

Fundi: Chiriku, usiseme hivyo.

Chiriku: Ndiyo. ...Ndiyo, Kaka. ...Najua Mama alikuwemo. ...Ni kweli. ...Ndiyo, nilitaka sifa. ...Hapana, sitaligusa tena. ...Hata la kwangu. Sawa. ...Sawa, Kaka. (mlio wa simu kukatwa) Ahsante kwa simu, kaka yangu. Hapana, hakuna aliyefiwa. Ni mafua tu.

Fundi: Amekutukana.

Chiriku: Ana haki, alikuwa na Mama garini. Amepata lori la kulivuta. Limekwisha.

Fundi: Amekwambia nini pale mwisho?

Chiriku: Kwamba nisiguse spana maisha yangu yote. Maneno ya hasira.

Fundi: Nani kakutuma uniokoe kwa uongo?

Chiriku: Ungetaka nifanyeje? Ningemwambia ukweli, kabla jua halijashuka angekuwa hapo kwako na mdomo wake, mtaa mzima ungejua. Gereji ni wewe. Watakuacha wote. Mimi nimeshachekwa leo, nikiongezewa si nimezoea? Tutakupeleka kwa daktari wa macho polepole, bila watu kujua.

Fundi: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo kilitaka kuwaumbua wengine.

Chiriku: Hawakufa.

Fundi: Mpigie tena. Mwambie ni mimi.

Chiriku: Simu ya watu nimesharudisha, ameondoka nayo. Na hii yangu imeanza kulia, salio—

Fundi: Basi nitajie namba yake, nibonyeze mwenyewe. Vibonyezo navijua kwa vidole.

Chiriku: Baba Mdogo, acha. Nimekubali kuibeba.

Fundi: Hukuulizwa kama umekubali. Nitajie namba.

Chiriku: Sifuri, saba... ngoja, naisahau, siku zote naangalia jina. Sifuri, saba, nne—

Fundi: Sifuri, saba, nne.

Chiriku: Baba Mdogo, sikukupigia ili uaibike. Nilikupigia nikuombe rad—

(Tii. Tii. Tii.)

Fundi: Haloo? Chiriku?

Fundi: Haloo?

Fundi: (mlango, hatua) Mwalimu. Bado upo? Njoo hapa, unisaidie. Fungua hii simu, unitafutie palipoandikwa Jogoo. ...Hapana, mikono yangu ni misafi. Sioni, Mwalimu. ...Maandishi siyaoni, nati siioni, uso wako hapo ulipo nauona kwa kuukumbuka. ...Ndiyo, na raba ya gari lako nimeifunga hivyohivyo. Usiliwashe. Utanisema, una haki, lakini kwanza mpigie huyo. ...Inaita? Nipe.

Fundi: Haloo, Jogoo. ...Marahaba. ...Naam, nilikuwa kwenye simu nyingine, nimesikia yote aliyokujibu Chiriku. ...Hapana, mwanangu, usiniombe radhi mimi. Nyamaza kidogo, nisije nikaishiwa nguvu. Dada yako hakuigusa raba yako. Niliifunga mimi, na nilikuwa sioni.